Faili za zamani za plota: kinachofunguka na kisichorudi tena

Mzee alikuja ofisini na sidii mbili zimefungwa kwenye gazeti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba maji kwanza maana jua la Dodoma saa nane mchana we acha tu, halafu ndo akaanza kueleza. Yeye ni mchoraji mstaafu, wa enzi za meza ya kuchorea na kalamu za wino, baadaye kompyuta zikaja akajifunza ukubwani, na humo kwenye sidii kuna nyumba alizochora miaka ya 1990, za Area D, za Kikuyu, nyingine mpaka Kongwa. Mwenye nyumba mmoja anataka kuongeza vyumba, karatasi yake imeliwa na mchwa, kamfuata mzee. Mzee akawapa wajukuu wafungue, wajukuu wamehangaika wiki nzima na laptopu yao wakamwambia babu, haya mafaili yameharibika.

Hayajaharibika. Karibu yote yalikuwa yanaishia na .plt, yaani faili la plota, ile mashine ya kuchorea michoro kwenye karatasi, na hilo swali la .plt nimeulizwa mara nyingi sana, na watu wa ramani, na mafundi, hata na jamaa wa kukata stika, nikaona niandike mara moja niwe natuma link tu.

Tuanze na hili maana ndo linawachanganya wengi: ndani ya faili la .plt hakuna mchoro. Kuna amri. Plota ya zamani haikuwa kama mashine ya sasa inayorusha wino, ilikuwa ni mkono kabisa: kuna karatasi, kuna kalamu halisi ambayo ungeweza kuichomoa ukaandikia barua, kuna mota moja inapeleka kalamu kushoto na kulia na nyingine inavuta karatasi mbele na nyuma. Hizi mashine ni za zamani kuliko unavyodhani, CalComp 565 ilitoka 1959. Kina sie tunaokumbuka plota za HP tunakumbuka ile ndogo, 7475A ya 1983, kalamu sita, mwisho wake karatasi ya A3, halafu lile dude la kusimama DraftMaster la 1987, kalamu nane, karatasi mpaka A0, likianza kuchora unakaa unatazama kama unatazama mpira.

Sasa kompyuta ilikuwa inaongeaje na ule mkono? HP walitunga lugha yao inaitwa HP-GL, ikaenea mpaka ikawa kama Kiswahili cha plota, kampuni nyingine nazo zikaiongea ili mashine zao ziuzike. Mchoraji akimaliza kazi kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, alikuwa na njia mbili, aidha aipige moja kwa moja kwenye plota, au kama plota iko ofisi nyingine aseme piga kwenye faili, lile faili ndo .plt, analibeba kwenye diski analipeleka kwenye mashine. Kwa hiyo .plt ni kama maelekezo ya simu unayompa bodaboda: toka Sabasaba, nyoosha, kata kushoto, simama, shusha mzigo. Atafika vizuri tu. Ila ukimwomba hapo hapo akupe ramani ya mji, hana, we ulimpa kona tu.

Kaa na hiyo ya bodaboda kichwani, itatusaidia mbele.

Hebu tuangalie faili lenyewe. Mistari ya kawaida inakaa hivi:

IN;SP1;PU400,400;PD4400,400,4400,3400,400,3400,400,400;SP2;PU1600,1800;LBSEBULE

IN ni kuiamsha mashine isahau mambo ya nyuma. SP1 ni chukua kalamu namba moja. PU ni kalamu juu, yaani nenda pale bila kuchora, PD ni kalamu chini, chora ukienda. LB ni andika maneno. Basi, ukijua hizo tano umeshaelewa karibu nusu ya faili lolote. Namba ni vipimo vya plota, na hapa shika hili maana ndo ufunguo wa kila kitu: namba 40 ni milimita moja. Kwa hiyo toka 400 mpaka 4400 ni hatua 4000, gawa kwa 40 unapata milimita 100 kwenye karatasi, na toka 400 mpaka 3400 ni milimita 75. Kama mchoro ulipigwa kwa skeli ya 1:50 basi hicho ni chumba cha mita 5 kwa 3.75, sebule ya mtu hiyo. Unaweza kuikokotoa na kalamu na karatasi bila programu yoyote, na mi huwa nafanya hivyo kwanza kabla sijaamini programu.

Skeli imeandikwa wapi ndani ya faili? Haipo. Hapo ndo pa kumkumbuka bodaboda. Plota haijui 1:50 wala 1:100, inajua milimita za karatasi tu. Leya pia hazipo, zile za ukuta, umeme, mabomba, zimebaki namba za kalamu. Duara mara nyingi limekatwakatwa likawa vipande vifupi vya mstari, hata ikitumika amri ya duara ya CI mashine yenyewe kwa kawaida inakata kipande kila digrii 5, vipande 72 kwa mzunguko. Maandishi AutoCAD mara nyingi iliyavunja yakawa mistari, kwa hiyo neno "CHOO" kwenye faili ni vijiti na mikunjo, hulitafuti kwa kuandika choo ukategemea kompyuta ilione.

Na usahihi nao una mwisho wake. Hatua moja ya plota ni milimita 0.025 ya karatasi, ndogo sana, lakini ramani ya viwanja ya 1:2500 hiyo hatua moja inakuwa sentimita 6.25 ardhini. Hapa kwetu mji umekuwa ukichorwa na kuchorwa upya tangu 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, mpango mkuu wa kwanza 1976, watu wana makaratasi na masidii ya kila aina, halafu mtu anakuja na .plt ya mtaa wake anataka nimtolee koodineti za bikoni akamshike jirani. Hapana ndugu yangu. Naweza kukutolea picha ya ramani safi, ila bikoni nenda kwa mpimaji mwenye hesabu za upimaji, plota ilikuwa inachora tu, haikupima.

Haya, kugeuza. Kabla ya yote nakili faili, ile ya asili usiiguse. Halafu fungua ile nakala kwa programu ya maandishi ya kawaida, tazama herufi za mwanzo, na ukimaliza FUNGA BILA KUSEVU, nitaeleza kwa nini. Ukiona IN;SP1 au mambo ya PU na PD, hiyo ni HP-GL, sherehekea. Ukiona %-12345X@PJL mwanzoni, hiyo ni bahasha ya printa za HP, ndani yake kwa kawaida kuna HP-GL/2, toleo la pili lililoingia 1990 na LaserJet III na baadaye likatumika kwenye plota za DesignJet. Ukiona ;: yaani nukta mkato na nukta mbili pale mwanzo kabisa, hiyo ni DM/PL, lugha ya Houston Instrument, ndugu wa mbali na ni kazi nyingine kabisa. Ukiona %!PS hiyo ni PostScript, lugha nyingine ya printa, mtu kaipa jina tu la plt. Na kuna siku nililetewa .plt ndani yake kuna "set xlabel", nikacheka, ilikuwa maelekezo ya gnuplot, programu ya kuchora grafu, ya mwanafunzi, haikuwahi hata kuonana na plota. Mkia wa faili ni kama jina la utani, mtu yeyote anaweza kuwa nalo.

Kwenye HP-GL/2 usishtuke ukiona katikati ya faili PE halafu takataka za ajabu ajabu. Ile ni amri ya kubana namba, badala ya kuandika 4400,3400 inaandika herufi chache zinazosimama badala ya hizo namba, faili linakuwa dogo. Ndo maana nikasema usisevu. Kompyuta inaipa kila herufi namba, na baadhi ya zile herufi namba zao ziko juu ya 127, programu ya maandishi ikisevu kwa mfumo wa kisasa wa UTF-8 inazigeuza kila moja kuwa mbili, na faili lako limekwisha, ile mistari inaruka kama nywele za mtu aliyeamka. Nimeshaua faili la mteja hivyo, mwaka wangu wa kwanza, bahati nzuri sidii ilikuwa bado ipo.

Programu sasa. Ya bure na nyepesi ni hp2xx, ya mradi wa GNU, ya kizamani, haina madirisha unaandika amri tu:

hp2xx -m svg -t -f nyumba.svg nyumba.plt

Ile -m ni fomati unayotaka, unaweza kuweka dxf au eps, na -t ndo ya muhimu inasema toa kwa ukubwa wa kweli usinibanie kwenye kiboksi. Kwa HP-GL/2 yenye bahasha na PE nyingi mi natumia GhostPCL, ndugu yake Ghostscript, inasoma lugha za printa za HP na kutoa PDF:

gpcl6 -sDEVICE=pdfwrite -o nyumba.pdf nyumba.plt

Inkscape nayo inafungua hpgl, itakuuliza rezolusheni, yaani hatua ngapi kwa inchi moja, acha 1016 kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4 zidisha kwa 40, unaona hesabu inarudi palepale. Ila Inkscape inaelewa amri chache, ikikutana na asiyoijua inakuonya kwamba huenda kuna vitu vimekosekana, na watu wanabonyeza OK bila kusoma halafu wananipigia simu mbona maandishi hayapo. CorelDRAW inapokea PLT pia, na wenzangu wa stika mnaijua. Zile tovuti za pakia upate PDF bure sizipendi kwa michoro ya nyumba za watu, unampa mtu usiyemjua ramani inayoonyesha mpaka milango ya nyuma iko wapi.

Kuchagua fomati isikuumize kichwa. PDF kama ni kuangalia na kuprinti, SVG kama unataka kurekebisha mistari au kuweka kwenye tovuti, DXF kama mchoro unarudi kwenye CAD, yaani programu za kuchorea kama AutoCAD. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp mtumie kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa mpaka vipimo havisomeki.

Yanayoharibika njiani ndo marefu, na ndo yanayofanya watu waseme faili limekufa.

La kwanza ni mchoro kutokea robo tu. Plota kubwa za kalamu kama DraftMaster zilihesabu sifuri katikati ya karatasi, plota ndogo zilihesabu sifuri kwenye kona ya chini kushoto. Kwa hiyo mchoro wa A1, upana milimita 841, kwenye mashine kubwa unaanzia kama hasi 16820 unaishia chanya 16820. Programu ikidhani sifuri ni kona inatupa vyote vya hasi, unabaki na kipande cha juu kulia, jiko na nusu ya varanda. Ukiona namba nyingi zenye alama ya kutoa, usilaumu faili, sogeza sifuri au iambie programu ichukue mipaka ya mchoro wenyewe.

La pili linafanana na hilo kwa mbali: mchoro unatoka mdogo kama kucha. Angalia kama kuna IP na SC mwanzoni. Hizo zinasema namba zinazofuata sio hatua za plota tena ni vipimo vya mchoraji mwenyewe, labda toka 0 mpaka 1000 zitandazwe kwenye karatasi nzima. Programu isiyoijali SC inachukua hiyo 1000 kama milimita 25.

La tatu, mchoro mzuri mpaka mahali fulani, halafu ghafla kurasa nzima za upupu, maneno PUPDPUPD yamechapwa juu ya ukuta. Hapo ni LB. Amri ya maandishi haiishii na nukta mkato kama nyingine, inaishia na herufi ya siri, namba 3 kwenye jedwali la ASCII, haionekani kwenye skrini. Kama kuna programu iliisafisha ile herufi, plota inaendelea kuandika kila kitu kama maneno mpaka ikutane na nyingine. Dawa yake ni kufungua na programu ya heksa, ile inayokuonyesha kila herufi kwa namba yake hata zisizoonekana, tafuta kila LB, rudishia ile 03 mwisho wa neno. Ukiwa nazo ishirini ni nusu saa, zikiwa elfu mbili andika skripti ndogo. Angalia pia kama mchoraji alitumia DT, hiyo inabadilisha herufi ya kumalizia kuwa nyingine aliyoitaka yeye.

La nne nalichukulia kwa uzito kuliko yote kwa sababu halionekani kama kosa. Kwenye plota namba za wima zinakua kwenda juu, kwenye SVG zinakua kwenda chini. Programu nzuri inageuza yenyewe. Skripti ulizookota au ulizoandika mwenyewe usiku zinasahau, mchoro unatoka kichwa chini kama kivuli kwenye maji. Mtu anaona kichwa chini, anauzungusha digrii 180, unakaa wima, anafurahi. Ndugu yangu, umezungusha, hujapindua. Kushoto na kulia vimebadilishana, choo kimehamia upande wa jirani, na kama maandishi yote yako kwenye faili jingine hakuna kitakachokustua. Angalia mshale wa kaskazini na neno lolote lenye herufi R au S, zikikaa kinyume rudi nyuma, pindua juu chini, usizungushe.

Kuna jingine ambalo halina dawa. Baadhi ya mafaili ya DesignJet yana picha ya nukta badala ya mistari, lugha ya ndani inaitwa RTL, kompyuta ilishachora mchoro wote ikawa vitone ndipo ikatuma. Hayo unaweza kuyageuza yakawa picha au PDF ya kuangalia, ila mistari ya CAD haimo, atakayekuambia atakutolea DXF kutoka humo atakuwa anachora upya juu ya picha, mlipe kwa bei ya kuchora lakini ajue na wewe unajua.

Ukishapata DXF iliyosimama vizuri, rudisha ukubwa wa kweli. Kama ilikuwa 1:50 chagua vyote, kuza mara 50, ndo unapata milimita za nyumba. Halafu pima kitu unachokijua. Mi natumia mlango, mlango wa milimita 900 kwa 1:50 lazima uwe milimita 18 kwenye karatasi, hatua 720 kwenye faili. Ukipata 745 usiendelee, kuna mtu alipiga kwa kutosheleza karatasi, yaani aliibana au kuivuta ikae, na hapo skeli iliyoandikwa kwenye kiboksi cha pembeni ni uongo hata kama kuna muhuri.

Na msidhani haya ni ya wazee tu. Mashine nyingi za kukata stika mnazoziona mtaani, zinazotoa maandishi ya nyuma ya bajaji na majina ya saluni, mpaka leo nyingi zinaongea HP-GL ileile, PU ni kisu juu, PD ni kisu chini. Jamaa akibadilisha mashine na programu yake ikagoma, mafaili yake ya .plt ya wateja wa miaka kumi yanatoka kwa njia hizihizi.

Turudi kwa mzee. Nyumba ya yule mteja ilikuwa HP-GL safi, sifuri katikati, kalamu nne, nikaitoa PDF mchana uleule nikaifungua kwenye skrini. Akaitazama muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akasema kijana, kuta zimekonda. Ni kweli, programu ilikuwa imezipa kalamu zote unene mmoja kwa sababu faili la zamani linasema SP1, SP2, halisemi unene wala rangi, rangi ilikuwa ni kalamu gani fundi kaiweka kwenye kitundu gani asubuhi hiyo. Nikamuuliza unakumbuka? Akakumbuka kama sala: moja 0.25 ya vipimo, mbili 0.5 ya kuta, tatu 0.35 ya milango na madirisha. Nikaandika, nikaipiga tena, kuta zikashiba.

Ya nne je? Akasita. Nne ilitakiwa iwe nyekundu, ya mabomba, akasema, lakini siku ile iliziba, nikachomeka ya kijani nikaendelea, mteja hakuuliza.

Nikamuuliza sasa kwenye PDF tuweke ipi. Akasema weka kijani, karatasi iliyoliwa na mchwa ilikuwa ya kijani.